Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuhakiki makala za wenzako ukiwa Unguja au Pemba

Ukurasa huu umeandikiwa walimu wa vyuo, watafiti wa taasisi na wanafunzi wa uzamili na uzamivu walioko Zanzibar, ambao wameanza kuletewa makala za wenzao wazihakiki au kupeleka za kwao zikahakikiwe. Kanuni nyingi ni zile zile popote duniani. Linalotofautisha hapa kwetu ni kwamba wataalamu wa kila fani ni wachache, wanajuana, na wanaoneana muhali.

Mhakiki ana mamlaka gani hasa?

Hana mamlaka ya kuikubali makala wala kuikataa. Anamshauri mhariri, na mhariri ndiye mwenye kauli ya mwisho. Makala moja kwa kawaida hupelekwa kwa wahakiki wawili au watatu. Mmoja akisema ifanyiwe masahihisho madogo na mwengine akasema ikataliwe, mhariri hahesabu kura, hupima hoja. Ndiyo maana ripoti isiyo na hoja, iwe ya kusifu au ya kuponda, haimfai kitu.

Nimeletewa mwaliko kwa barua pepe. Nianze wapi?

Jibu ndani ya siku mbili tatu, hata kama jibu lenyewe ni hapana. Mwaliko unaolala wiki tatu bila jibu ndio unaoifanya makala ya mtu ikae mwaka mzima. Soma ikisiri kabla ya kubonyeza kukubali. Ikiwa unaielewa mada lakini mbinu moja huijui, tuseme wewe ni mtu wa maabara na makala ina modeli nzito za takwimu, mwambie mhariri mapema kwamba sehemu hiyo hutaihakiki, kisha urudie kulisema hilo ndani ya ripoti. Si aibu. Aibu ni kuipitisha modeli usiyoielewa kwa sababu ilikuwa na alama nyingi za kigiriki.

Majarida mengi hutoa wiki mbili hadi nne. Kazi yenyewe, kwa makala ya kawaida, huchukua saa tano hadi nane, na ni bora zigawanywe vikao viwili. Basi fungua kalenda kweli: wiki za kusahihisha mitihani, kumi la mwisho la Ramadhani, safari ya kazi za nje. Ukikataa, taja majina mawili ya watu wanaofaa. Wahariri hushukuru kwa hilo kuliko kwa udhuru mrefu.

Sisi tunajuana wote. Mgongano wa maslahi unaanzia wapi?

Yaliyo wazi tuyamalize haraka. Unakataa kama mwandishi ni mume, mke, ndugu au mkwe wako. Kama mko idara moja. Kama ulimsimamia au alikusimamia. Kama mmeandika pamoja katika miaka mitatu iliyopita (baadhi ya majarida husema mitano). Kama mnagombea ruzuku moja. Au kama nawe una kazi inayofanana nayo karibu ya kuchapishwa. Mwandishi akiwa ni mkuu wako wa kazi, kataa pia, hata ukihakikishiwa kwamba jina lako halitajulikana.

Kuna yasiyo wazi. Kusoma skuli moja, Lumumba au Fidel Castro, si mgongano. Kukaa naye meza moja katika warsha si mgongano. Mmeshiriki mradi mmoja wenye watu 30 ambamo hamkuwahi kufanya kazi pamoja: hilo litaje, kisha mwachie mhariri. Uhasama nao ni mgongano kama ulivyo urafiki, ila watu husahau kuutaja kwa sababu kila mmoja hujiona yeye ndiye mwenye haki.

Kisha kuna muhali, ambao hakuna fomu ya jarida inayouuliza. Mwandishi ni mtu mnayekutana naye maziko na harusi, mkewe anamfundisha mtoto wako, na Jumamosi ijayo mtakuwa kikao kimoja. Hujachukua rushwa wala hakuna undugu, lakini kalamu haiendi. Tunalolishuhudia ni kwamba mtu hukubali kwa muhali, halafu anaandika mistari mitatu ya sifa, na makala yenye kasoro inapita. Kipimo cha kutumia ni hiki: ripoti hii ingevuja kesho ikiwa na jina lako, ungeyaacha maneno yake yale yale? Kama ungeyalainisha, kataa sasa hivi, siku ya mwaliko, wakati kukataa bado hakumuumizi mtu.

Upande wa pili nao una uzito. Tukikataa sote, makala za hapa zitahakikiwa na watu wasioijua Pemba wala Unguja. Kwa hiyo uhusiano wa mbali usiufanye kisingizio, utangaze. Sentensi mbili zinatosha: «Namfahamu mwandishi wa pili, tulikuwa mradi mmoja hadi 2022. Naona naweza kuhakiki kwa haki, ila uamuzi ni wako.» Mhariri akikubali, atakuoanisha na mhakiki wa mbali.

Majina ya waandishi yamefichwa, lakini nimewatambua. Je?

Kwa Zanzibar hilo ni jambo la kila siku. Ukisoma kwamba mashimo ya majaribio yamechimbwa Kizimbani, au damu imepimwa katika maabara ya Wawi, huhitaji mpiga ramli. Kutambua peke yake hakukuondoi. Mwambie mhariri kwamba unadhani unawajua, na kama wanaangukia katika orodha ya hapo juu, jitoe.

Makala yenyewe niisome vipi?

Mara ya kwanza isome yote bila kuandika chochote, ujue inadai nini. Mara ya pili anza na mbinu na majedwali kabla ya mjadala, kwa sababu mjadala umeandikwa ukushawishi. Jumlisha safu za majedwali mwenyewe. Kama mbinu zinasema watu 412 na jedwali la pili lina 398, tafuta 14 walipotelea wapi. Pengine wapo katika maelezo ya chini, pengine hawapo popote. Asilimia zikaguliwe kwa idadi yake: «asilimia 66.7 ya wakulima» ikitoka kwa watu 12 ni watu wanane, na hivyo ndivyo iandikwe.

Kosa tunalolikuta zaidi katika makala za mwani ni la kuhesabu sampuli. Mtafiti anafunga kamba 60 katika shamba moja la Paje, anapima ukuaji, kisha anaandika kwamba sampuli ni 60. Kamba zile ziko katika maji mamoja, joto moja, mchanga mmoja; barafu ya mwani (ugonjwa unaoitwa «ice-ice») ikiingia kamba moja, inaingia ya jirani pia. Kwa swali la tofauti kati ya Paje na Jambiani, yeye ana shamba moja kila upande, na hakuna jaribio la takwimu litakaloziba pengo hilo. Mhakiki asiandike tu «sampuli ni ndogo». Aandike kipi kifanyike: ama waongeze mashamba na watumie modeli inayotambua kwamba kamba zimo ndani ya shamba, ama wapunguze dai liwe la shamba hilo tu.

La pili ni la vipimo vya maradhi ambayo sasa yamekuwa adimu. Malaria Zanzibar imeshuka sana, na hesabu ya kipimo hubadilika nayo. Chukua watu 10,000, wenye vimelea ni asilimia 1, yaani 100. Kipimo kinachowagundua asilimia 95 ya wagonjwa na kuwapa jibu sahihi asilimia 98 ya wazima kitawapata wagonjwa 95, lakini pia kitawaita wagonjwa wazima 198. Kati ya majibu 293 ya «ana malaria», ya kweli ni chini ya theluthi moja. Makala inayosifu usahihi wa kipimo bila kuionesha hesabu hii irudi kwa masahihisho makubwa.

Ni yapi ya hapa kwetu ambayo mhakiki wa mbali hayaoni?

Hapa ndipo ulipo mchango wako mkubwa, kuliko kusahihisha takwimu ambazo mtu wa Oslo anaweza kuzisahihisha pia.

Tuanze na kalenda. Mwandishi analinganisha ulaji, mahudhurio ya kliniki au bei ya samaki ya Machi 2022 na Machi 2024, anakuta tofauti, na anaifasiri kuwa athari ya mradi wake. Ramadhani ya 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili. Ya 2024 ilianza karibu na tarehe 12 Machi. Mwezi ule ule wa kizungu, mmoja watu wanakula mchana na mwengine sehemu kubwa yake wamefunga. Kwa kuwa mwaka wa Hijria hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, kila utafiti wa miaka kadhaa uulizwe suala hili.

Na maji. Utafiti wa pweza, chaza au mwani usiosema umefanyika wakati wa bamvu au wa maji mafu haujasema kitu muhimu. Wakati wa bamvu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufikia kiasi cha mita nne, na mwamba unaoonekana siku hiyo hauonekani wiki inayofuata. Uliza tarehe za kila ziara ya ukusanyaji, si «kati ya Juni na Agosti». Uliza pia ilikuwa kusi au kaskazi, kwani wavuvi hubadilisha mahali pa kuvulia, na data za bandarini hubadilika bila samaki kupungua hata mmoja.

Jina la makala linasema «Zanzibar», data zimetoka Wilaya ya Mjini peke yake. Katika sensa ya 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na zaidi ya robo yao wako Pemba. Kama Pemba haimo, jina la makala libadilishwe. Hili ni sahihisho la dakika moja na waandishi hulipinga sana.

Vibali. Utafiti wa afya unaofanyika Zanzibar unapita kwa kamati ya maadili ya Zanzibar. Kibali cha Bara peke yake hakitoshi. Angalia namba ya kibali na tarehe yake: ikiwa kibali kimetoka baada ya data kuanza kukusanywa, mjulishe mhariri katika sehemu ya siri ya ripoti, anayoisoma yeye tu. Ruhusa ya sheha nayo ni ya kuingia katika shehia, haimkubalii mtu mwengine achomwe sindano au ahojiwe. Makala ikiandika tu «sheha aliridhia», uliza ridhaa ya kila mshiriki ilichukuliwaje, kwa lugha gani, na asiyejua kuandika aliweka nini mbele ya shahidi gani.

Na siri za washiriki. «Mkunga mwenye miaka 54, kituo cha afya cha kisiwa cha Kojani» hakuna haja ya jina. Kisiwa kizima kimemjua. Kule kwa mhakiki wa mbali majina yaliyofutwa yanatosha, kwetu hayatoshi. Mtake mwandishi aondoe umri, au kituo, au vyote viwili.

Ripoti iandikwe vipi?

Aya ya kwanza ieleze makala kwa maneno yako, sentensi tatu au nne. Mwandishi akiona hukuielewa, atajua wapi hakueleza vizuri. Kisha masuala makubwa, yale ambayo yasiposahihishwa hitimisho linaanguka. Mara nyingi hayazidi matano. Kisha madogo, kila moja na namba ya ukurasa au mstari. Weka namba kwa kila hoja ili mwandishi ajibu moja moja.

«Mapitio ya maandiko ni dhaifu» haina msaada. Andika hivi: «Ukurasa wa 4, mstari wa 112: mnasema hakuna utafiti uliowahi kufanyika kuhusu upungufu wa damu kwa watoto wa Pemba. Upo, na wa miaka mingi. Dai liondolewe, na matokeo yenu yalinganishwe na yaliyotangulia.» Mtu anajua la kufanya kesho asubuhi.

Pendekezo lako la kukubali au kukataa liandike kwa mhariri tu, si katika sehemu anayoisoma mwandishi. Na usimsifu mwandishi upande mmoja halafu ukamponda upande wa siri. Mhariri atabaki na barua mbili zisizoelewana, na mwandishi ataona amedhulumiwa.

Kuhusu maneno: ikosoe kazi, mwache mtu. «Mwandishi hajui takwimu» ifutwe. Iandikwe «jaribio lililotumika linahitaji data zisizotegemeana, na hizi zinategemeana».

Mwalimu wangu hunipa makala nihakiki, kisha hupeleka ripoti kwa jina lake. Ni sawa?

Kujifunza hivyo ni sawa na ndivyo wengi walivyoanza. Kuficha ndiko kusikofaa. Mwalimu anatakiwa amwombe mhariri ruhusa kabla hajakuonesha makala, na jina lako liandikwe pamoja na lake. Kumkumbusha mwalimu ni mtihani, njia nyepesi ni kuuliza, «Mwalimu, fomu ya jarida ina sehemu ya mhakiki mwenza, nijaze jina langu au utajaza wewe?»

Naweza kumuonesha mwenzangu makala, au kuitumia katika darasa?

Hapana. Makala isiyochapishwa ni siri, pamoja na data na mawazo yake. Usiitume katika kundi la WhatsApp la idara, hata kwa kuuliza swali moja. Kazi ikimalizika, futa faili katika kompyuta na katika simu.

Na akili mnemba?

Usiipakie makala ya mtu katika programu ya mazungumzo ya akili mnemba. Ukishaipakia umeitoa nje, na huna uwezo wa kuirudisha. Taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, NIH, iliwakataza wahakiki wa ruzuku zake kufanya hivyo mwaka 2023, na majarida mengi yana kanuni kama hiyo. Kunyoosha Kiingereza cha ripoti yako mwenyewe ni jambo jengine: baadhi huruhusu kwa sharti la kutangaza, na hata hapo hakikisha hakuna kipande cha makala kilichonasa ndani yake. Ripoti zilizoandikwa na mashine zinajulikana: zinasifu «umuhimu wa mada», zinataka «mapitio zaidi ya maandiko», na hazitaji hata jedwali moja.

Naruhusiwa kumtaka mwandishi anukuu makala zangu?

Ikiwa makala yako inahusika moja kwa moja, itaje pamoja na za wengine na useme kwa nini. Ukijikuta umeorodhesha tano zako, umeshatoka katika uhakiki.

Nashuku data zimebuniwa, au maandishi yameibwa. Nifanye nini?

Usimwandikie mwandishi, usimtangaze, usimpigie simu mkuu wake wa chuo. Mwandikie mhariri katika sehemu ya siri, ueleze ulichokiona bila kutoa hukumu: aya ya ukurasa wa 6 inalingana na makala fulani, au wastani na mkengeuko wa makundi matatu tofauti ni ule ule hadi desimali ya pili. Kamati ya Maadili ya Uchapishaji, COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, ina hatua zilizochorwa za kuwaongoza wahariri katika kesi kama hizi. Kazi ya kuchunguza ni ya jarida na mwajiri. Kumbuka pia kwamba shaka nyengine ni makosa ya kunakili tu. Mtu aliyeharibiwa jina visiwani hapa, jina hilo halirudi upesi.

Makala ina Kiingereza kibovu. Niikatae?

Usiikatae kwa hilo, ilimradi unaelewa kilichofanyika. Sema lugha inahitaji mhariri na toa mifano miwili mitatu. Kuisahihisha yote si kazi yako. Makala za Kiswahili nazo zina ugonjwa wake: mhakiki anatumia kurasa mbili kubishania istilahi, na mbinu za utafiti hazigusi.

Nani anastahili kuwa mwandishi?

Vigezo vinavyotumika sana, hasa katika tiba, ni vinne vya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, na vinatakiwa vyote kwa pamoja: kuchangia kwa kiasi kikubwa wazo, muundo, data au uchambuzi, kuandika au kuisahihisha makala kwa maana, kuridhia toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika kwayo. Mkuu wa taasisi aliyetoa gari tu hastahili, atashukuriwa. Kijana wa Micheweni aliyekusanya data miezi sita, akasafisha faili na kubuni njia ya kuwapata washiriki waliohama, anaweza kustahili, na mara nyingi hapewi hata nafasi ya kuisoma rasimu, kisha anaambiwa hakutimiza kigezo cha pili. Mpeni rasimu. Ukiwa mhakiki ukaona utafiti mzima umefanyika Pemba na hakuna mwandishi hata mmoja wa Zanzibar, una haki ya kuuliza michango ya kila mtu ielezwe.

Mimi ndiye mwandishi, na ripoti imekuja kali.

Isome, iweke siku mbili, uirudie. Kisha tengeneza jedwali la safu tatu: hoja ya mhakiki kama alivyoiandika, jibu lako, na ukurasa ulipobadilisha. Jibu kila hoja, hata ile ya nukta. Usipokubaliana, sema hapana kwa ushahidi na kwa adabu. Wahakiki nao hukosea, na mhariri anajua. Kinachoudhi ni «tumerekebisha» bila kuonesha wapi.

Jarida likikutaka upendekeze wahakiki, tumia anuani zao za taasisi. Mwaka 2017 makala 107 za jarida la Tumor Biology ziliondolewa kwa mpigo mmoja baada ya kugundulika kwamba uhakiki wake ulighushiwa, zikiwemo anuani za barua pepe za kubuni.

Nitajuaje kwamba jarida lililonialika si la kitapeli?

Angalia wahariri: wapo kweli, na kurasa zao za chuo zinalitaja jarida? Liko katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au, kwa ya Afrika, katika tovuti ya AJOL? Wanaahidi majibu kwa saa 72? Wanakuita «Mpendwa Profesa Mashuhuri» na wewe ni mwalimu msaidizi wa uhandisi uliyealikwa kuhakiki makala ya meno? Futa.

Nihakiki makala ngapi kwa mwaka, na napata nini?

Malipo kwa kawaida hakuna. Hesabu ya haki ni rahisi: kila makala unayopeleka inakula wahakiki wawili au watatu, basi nawe ukihakiki mbili au tatu kwa kila moja unayoongoza, umelipa deni. Tunza orodha ya jarida na mwaka, au uiunganishe na namba yako ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti mtandaoni. Inafaa wakati wa kupandishwa cheo. Jina la makala usiliweke.

Makala niliyopendekeza ikataliwe imeletwa kwangu tena na jarida jengine.

Mjulishe mhariri mpya kwamba umeshaihakiki kwengine, bila kumpa ripoti ya zamani mpaka jarida la kwanza liridhie. Akikutaka uendelee, isome upya kama mgeni. Huenda wamerekebisha kila kitu. Na kama hawakubadilisha hata koma, hoja zako za mwanzo bado zina kazi: ziandike tena, kwa utulivu ule ule, na useme ni masuala gani yangeweza kurekebishwa kwa data walizonazo tayari.